Migunga ya Nakuru imekufa ikiwa imesimama: Chumvi ya chini ya ardhi ndiyo itaamua nini kitamea tena

Siku ukipata nafasi ya kuingia Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, panda hadi pale Baboon Cliff uangalie chini. Usianze kutafuta faru. Tazama ukingo wa ziwa kwanza. Utaona miti ya kijivu, haina hata jani moja, imesimama ndani ya maji kama nguzo za stima ambazo waya zake zimeibiwa. Mingi ni migunga ile ya gome la njano ambayo wazazi wako wakienda trip za shule walipigia picha wakiwa chini ya kivuli chake.

Sasa jiulize swali ambalo wengi hupita nalo tu. Mti ulizungukwa na maji kila upande. Mbona ukafa?

Halafu panda matatu ya Naivasha, mwendo wa saa moja hivi ukikosa msongamano wa malori. Ukifika ziwani utakuta mafunjo yamesimama ndani ya maji, kijani kibichi, yamenawiri. Bonde ni lile lile la Ufa, na mvua ni zile zile za kutoka Mau na Aberdare. Lakini huku mimea inaogelea na kule ukingo ni mweupe kwa magadi.

Jibu liko chini ya miguu yako, mahali huwezi kuona. Ni maji ya chini ya ardhi na chumvi iliyomo ndani yake. Ukilielewa jambo hili utaweza kusoma ukingo wa ziwa kama unavyosoma ubao wa matangazo. Na kama wewe ni mmoja wa wale vijana ambao kila msimu wa mvua hubebeshwa miche waende kupanda, utajua kama mche wako una nafasi ya kuishi au unaupeleka kufa.

Somo la kachumbari

Tuanze jikoni. Unapotengeneza kachumbari, unakatakata vitunguu, unanyunyiza chumvi, unaacha kidogo. Ukirudi unakuta maji yamejaa kwenye bakuli. Maji hayo hayakutoka kwa mfereji. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu.

Mzizi wa mti ni kama kitunguu hicho. Maji huingia mzizini kwa urahisi kama udongo una chumvi kidogo kuliko ndani ya mzizi. Chumvi ya nje ikizidi, mti unapata shida kuvuta maji, hata kama yamejaa hapo hapo. Mti unakuwa na kiu ukiwa umesimama ndani ya maji. Zaidi ya hapo, madini ya sodiamu yakiingia kwa wingi kwenye majani, yanayachoma.

Ndiyo maana si kila mmea unaweza kukaa kila mahali. Kila mmoja una kiwango chake cha chumvi inachovumilia. Ukipita hapo, mmea unaacha nafasi kwa mwenzake.

Ndoo yenye tundu na ndoo isiyo na tundu

Lakini chumvi yenyewe ilitoka wapi? Bonde la Ufa lina mawe ya volkeno. Mvua ikinyesha, maji yanapenya ardhini, yanapita katikati ya mawe hayo na kuchukua madini kidogo kidogo. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima cha kuchimbwa, angalia ndani ya birika lenu. Ule ukoko mweupe uliobaki chini ndio madini yenyewe. Maji yameenda na mvuke, madini yamebaki.

Ziwa Nakuru ni birika kubwa la namna hiyo. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inaingia, pamoja na chemchemi za Baharini, lakini hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa kupaa kama mvuke juani. Madini hayapai. Yamekusanyika kwa maelfu ya miaka hadi maji yakawa ya magadi makali.

Naivasha nayo haina mto unaotoka. Ukiangalia ramani tu utadhani ni ndoo ile ile. Kumbe Naivasha ina tundu! Maji yake yanavuja chini kwa chini, mengine yakielekea kusini upande wa Olkaria na Longonot, mengine kaskazini upande wa Elementaita, ziwa lililo chini yake kwa takriban mita 100. Maji yanapovuja yanaondoka na chumvi. Mito ya Malewa na Gilgil nayo inaleta maji mapya yenye madini machache. Ndiyo maana Naivasha imebaki na maji matamu, na mafunjo yanastawi. Chumvi inayoondoka huko haipotei lakini. Inaendelea na safari yake kwenda kwa jirani aliye chini.

Kama huamini kwamba tundu hilo ndilo linaleta tofauti, nenda upande wa kusini-magharibi wa Naivasha, kwenye Ziwa Oloidien. Zamani lilikuwa ghuba tu ya Naivasha. Maji yalipopungua, likatengwa na kubaki peke yake kuanzia miaka ya 1980. Bila maji mapya ya mto, chumvi ikapanda pole pole. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 maji yalikuwa yamebadilika kiasi kwamba heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao tumezoea kuwahusisha na Nakuru, walianza kufika. Kisha maji yakapanda tena, maziwa hayo mawili yakaungana, na utamu ukarudi. Maji yale yale, mahali pale pale, ndani ya umri wa mtu mmoja.

Ukingo una mistari yake

Rudi sasa Nakuru, ukumbuke ukingo ulivyokuwa kabla ya maji kupanda. Ulikuwa na mistari, kama viti vya uwanjani ambavyo kila kundi la mashabiki lina sehemu yake.

Karibu kabisa na maji palikuwa na tope jeupe la magadi, hakuna kinachomea. Ukirudi nyuma kidogo, zilikuja nyasi fupi ngumu za aina ya Sporobolus spicatus, ambazo zinavumilia magadi kuliko nyasi za kawaida. Pale ambapo chemchemi au mto ulileta maji matamu, ungeona ndago na mimea mirefu ya majini, kisiwa cha kijani katikati ya weupe. Nyuma ya nyasi ndipo ulipoanza msitu wa migunga ya njano. Ukipanda juu zaidi, kwenye ardhi kavu yenye mawe, unakutana na mileleshwa yenye majani ya kijivu na harufu yake, na upande wa mashariki ule msitu wa mipungate mirefu yenye mikono kama kinara cha mishumaa.

Mgunga wa njano, kwa jina la kisayansi Vachellia xanthophloea, ni mti wenye masharti. Unataka maji ya chini ya ardhi yawe karibu, mizizi iyafikie. Ndiyo maana wageni Wazungu wa zamani waliuita mti wa homa: waliona kila wakilala chini yake wanapata malaria, wasijue ni mbu wa kinamasi kilichokuwa hapo karibu. Lakini mti huo huo hautaki maji hayo yawe na chumvi kali, wala hautaki yapande hadi yafunike mizizi yote. Kwa hivyo unaishi katika utepe mwembamba. Ukisogea ziwani kuna magadi, ukipanda kilimani maji yako mbali.

Kisha utepe ukasogezwa

Kuanzia mwaka wa 2010 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda. Ziwa Nakuru, lililokuwa na ukubwa wa takriban kilomita 40 za mraba, lilipita 60. Lango kuu la mbuga lilifunikwa na ofisi zikahamishwa. Mwaka wa 2020 watu wa Mwariki hapa Nakuru na Kihoto kule Naivasha walitoka kwenye nyumba zao wakibeba magodoro kichwani. Kama unatoka huko, hii si hadithi ya kusoma kwa gazeti, ni maisha yako.

Na migunga ikazama. Hapa tuwe wakweli. Huwezi kulaumu chumvi kwa kila kifo. Mizizi inahitaji hewa, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Hata Naivasha, kwenye maji matamu, migunga iliyofunikwa ukingoni ilikufa. Kule Nakuru mti ulipigwa mara mbili: ukakosa hewa, na maji yaliyoufunika yalikuwa ya magadi.

Kuna jambo lingine linalochanganya watu. Maji mengi yalipoingia, Ziwa Nakuru lenyewe lilipungua chumvi, kama chai uliyoongeza maji. Ule mwani wa spirulina ambao heroe hula ulipungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Nakuru iliyowahi kupokea zaidi ya heroe milioni moja ikabaki na wachache. Samaki wa maji matamu wakaanza kuonekana ndani ya ziwa ambalo zamani liliweza kulea tu ngege mdogo wa magadi, aliyeletwa kutoka Magadi miaka ya 1950 na 1960 ili ale viluwiluwi vya mbu.

Basi chumvi inaingia wapi? Inaingia siku maji yatakaporudi nyuma. Na ziwa hili limewahi kurudi nyuma. Katika miaka ya 1990 lilikaribia kukauka. Maji yakiondoka, chumvi haiondoki nayo. Inabaki kwenye udongo, na kutoka chini ardhi inaendelea kuvuta maji ya magadi juu kama utambi wa taa ya koroboi unavyovuta mafuta. Jua linakausha, chumvi inabaki juu. Udongo uliokuwa wa msitu unaweza kugeuka kuwa udongo wa nyasi za magadi. Mti mkubwa ulikufa kwa kuzama, lakini mtoto wake anaweza kukataliwa na chumvi.

Amboseli na Ngorongoro walitutangulia

Jambo hili halijaanza Nakuru. Kule Amboseli, chini ya Kilimanjaro, migunga ya njano ilianza kufa kwa wingi katikati ya karne iliyopita. Wengi walinyooshea vidole ndovu, na wengine ng'ombe wa Wamaasai. Mwaka wa 1973, David Western na mwenzake Van Praet walichapisha katika jarida la Nature maelezo tofauti: maji ya chini ya ardhi yalikuwa yamepanda, yakapandisha chumvi hadi kwenye mizizi.

Ilikuwa hoja nzuri, na kwa miaka mingi ilifundishwa hivyo. Lakini Western hakukaa kitako. Walizungushia vipande vya ardhi ua ili ndovu wasiingie, wakafuatilia kwa miaka 20. Ndani ya ua miti ikarudi. Nje haikurudi. Mwanasayansi yule yule aliyesema ni chumvi akarudi kuonyesha kwamba ndovu ndio waliozuia msitu usimee tena. Chukua hilo ulihifadhi. Kubadilisha msimamo baada ya kupima si aibu.

Kule Ngorongoro, Tanzania, kuna msitu wa Lerai uliopewa jina la mti huo huo kwa Kimaasai. Nao ulikufa sehemu kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 ulipima udongo na kuona chumvi na sodiamu kuwa sehemu ya sababu. Mti ni mmoja, dalili ni moja, lakini chanzo hakikuwa kimoja. Huwezi kujua ukiwa umesimama barabarani. Lazima upime.

Jirani zetu wa Pwani wanajua hili zamani

Sasa nikupeleke Pwani kidogo, kwa sababu huko chumvi imepanga miti kwa mstari hata mtoto ataona. Ukishuka Gazi, kusini mwa Diani, maji yakiwa yamekupwa, tembea kutoka baharini kuelekea nchi kavu. Kwanza utakutana na mlilana, ukisimama mbele kabisa na mizizi yake inayochomoza kama penseli. Kisha mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya buibui. Kisha muia na mkandaa. Upande wa bara, utakuta mchu.

Kenya ina aina tisa za mikoko, na sehemu kubwa ya misitu hiyo iko Lamu. Ungedhani mahali penye chumvi zaidi ni karibu na bahari. La! Bahari inasafisha ukingo kila siku. Ni huko nyuma, mahali maji hufika mara chache kwa mwezi na jua likakausha, ambapo chumvi ya udongo hupita hata ya bahari. Mchu unaweza kukaa huko kwa sababu unatoa chumvi kupitia majani yake. Ukilamba jani lake utaionja. Mkoko hauna ujanja huo. Wenyewe unachuja chumvi mlangoni, kwenye mizizi, na kazi hiyo ina kikomo chake. Msikundazi nao unapenda maji matamu, kwa hivyo utauona kwenye midomo ya mito kama Tana.

Maji ya chini ya ardhi yanaingia hapo kimya kimya. Ghuba ya Mida, karibu na Watamu, haina mto wowote unaoingia, lakini ina msitu wa mikoko. Maji matamu yanapenya kutoka bara kupitia miamba na kupunguza makali ya chumvi. Watu wakichimba visima vingi mno na kuyavuta maji hayo, bahari inasogea ndani kujaza nafasi. Kisima kinakuwa cha chumvi, na mstari wa miti unabadilika.

Wapandaji wa mikoko walijifunza kwa uchungu. Mahali pengi duniani watu wamepanda mkoko kwenye tope la mlilana kwa sababu mbegu za mkoko ni rahisi kuokota na kudunga chini. Picha zilipigwa, makofi yakapigwa, miche ikafa. Gazi walifanya tofauti. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka wa 2013, unatunza hekta 117 za msitu na kuuza hewa ya kaboni, pesa zikienda kwa maji na shule za kijiji. Nyuma yake kuna miaka mingi ya watafiti kupima udongo na kujua nani anakaa wapi.

Si miti tu, hata meno yako

Kama umezaliwa upande wa Nakuru, Njoro, Gilgil au Elementaita, pengine wewe au rafiki yako ana meno ya rangi ya kahawia. Pengine mliwahi kuchekwa shuleni, mkaambiwa hampigi mswaki. Haikuwa uchafu. Ni floraidi, madini mengine yanayotoka kwenye mawe yale yale ya volkeno na kuingia kwenye maji ya visima. Kiwango kinachokubalika kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo hili hupita hapo. Madoa huingia utotoni, meno yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya ufizi, na ikizidi sana kwa miaka mingi huathiri hata mifupa. Hapa Nakuru, Kanisa Katoliki kupitia kitengo chake cha ubora wa maji limechuja floraidi kwa mkaa wa mifupa kwa miaka mingi.

Nakwambia hivi ili usidhani habari ya maji ya chini ni ya migunga peke yake. Maji hayo yamekuwa yakikuandika wewe pia.

Kabla ya kudunga mche

Serikali inataka miti bilioni 15 ipandwe kufikia mwaka wa 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata likizo ya kupanda. Ni sawa kabisa. Lakini bilioni ni hesabu ya kupanda, na msitu unahesabiwa kwa inayoishi. Ukialikwa na klabu ya shule, kanisa au chama cha vijana kupanda karibu na ziwa, uliza maswali matatu kwanza.

La kwanza, hapa kunamea nini chenyewe? Ukiona nyasi za magadi na weupe juu ya udongo, ardhi tayari imekujibu. Mti wa maji matamu hautaishi hapo, hata mkipiga picha ngapi.

La pili, maji yaliwahi kufika wapi? Usiulize simu. Muulize mzee au nyanya aliyeishi hapo miaka 50. Ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko mradi, na ardhi uliyoiona kavu mwaka huu pengine ilikuwa chini ya maji alipokuwa kijana.

La tatu, chumvi ni kiasi gani? Kuna kifaa kidogo kama thermomita kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Chumvi ikiwa nyingi, umeme unapita vizuri na namba inapanda. Maabara nyingi za maji na vyuo vikuu vinacho. Chota maji ya kisima, ya chemchemi na ya ziwa, yapime, uandike namba, urudie msimu wa mvua na wa kiangazi. Klabu ya sayansi inayofanya hivyo kwa miaka mitatu itajua kuhusu ukingo wake mambo ambayo hakuna ofisi ya Nairobi inayoyajua.

Migunga ile ya kijivu itaanguka mmoja mmoja. Ndege wanaotua juu yake leo watatafuta mahali pengine. Siku moja maji yatashuka, na ukingo utabaki mtupu ukingoja. Huenda ukawa umemaliza shule, umepata kazi, labda una watoto unaowaleta kuona faru. Watu watakuja na miche kwenye lori, tayari kupanda.

Uwe wewe yule anayeinua mkono na kuuliza, "Maji ya chini mmeyapima?"